Korongo Lililopitwa na Barafu

Kikohozi kilitangulia. Kilitoka mwisho wa korido, kikavu, mara mbili, kisha kimya, kama cha mtu anayetaka kubisha hodi huku anaona haya. Daktari alikuwa ameshika mlango wa jokofu, baridi ikimpanda hadi kwenye kiwiko, na mwili wake ukakitambua kile kikohozi kabla ya akili. Moyo uliruka. Miguu ikataka kukimbia kumpokea mtu. Ndipo akili nayo ikafika, imechelewa kama kawaida yake, ikamwambia kwamba huyo aliyetaka kumkimbilia yuko chini ya udongo, na huu ni mwaka wa tatu.

"Hodi humu."

"Karibu, Fundi," alisema, akashukuru kwamba sauti haikumsaliti.

Aliyeingia alikuwa mdogo wa marehemu mchumba wake. Alikuwa fundi wa majokofu, na maabara ile ilikuwa moja ya sehemu zake za kazi. Bega lilikuwa lile lile, shingo ile ile, hata namna ya kuinamisha kichwa akipita mlangoni, ingawa mlango wenyewe ulikuwa mrefu kumzidi. Ukimwona kwa nyuma ungeapa. Ukimwona usoni ndipo ungejua, kwa sababu marehemu alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kusikia kichekesho, na huyu ana uso wa mtu anayesikiliza mashine.

Kwa miaka miwili alimwita Daktari "shemeji", ingawa harusi haikuwahi kufika. Shemeji habari za asubuhi, shemeji friji yako inavuja, shemeji kula kidogo utaanguka. Kisha siku moja neno hilo likamwishia mdomoni. Alianza sentensi, akafika mahali pake, akasita, akapita kando kama mtu anayekwepa shimo njiani. Daktari alilisikia lile pengo. Alikwenda nalo nyumbani na hakulala. Tangu siku hiyo walikuwa wakipeana vikombe vya chai kwa uangalifu mkubwa mno, vidole visigusane, na vikigusana hakuna aliyekuwa wa kwanza kuviondoa.

"Ulisema ni jambo la haraka," Fundi alisema, akiweka begi la vifaa chini. "Imeacha kugandisha?"

"Friji haina neno. Kaa kwanza."

"Ukiniambia nikae nitaogopa."

"Basi ogopa ukiwa umekaa."

Alicheka kidogo, akakaa. Daktari akatoa kifuko kidogo cha karatasi ngumu, akakiweka mezani kati yao. Ndani yake kulikuwa na majani makavu, madogo kama kucha za mtoto, ya rangi ya majivu. Fundi aliyatazama, na ule uso wa kusikiliza mashine ukafungika.

"Ya siku ile," alisema.

"Ya siku ile. Walinipa mimi kwa sababu ni ya kazi. Yalikuwa mfukoni mwa kaka yako. Miaka yote nimeyaweka humu, kila nikifungua mlango nayaona, kila nikiyaona nafunga. Mwezi huu nimejikaza nikayapima."

Watu wa mtaani kwake walikuwa hawajaelewa bado udaktari wake ni wa nini. Mwanzoni walimletea watoto wenye homa, mpaka ikaenea kwamba huyu daktari hatibu watu, anatibu majani. Kisha ikaenea tena kwamba hata hayo majani hayatibu, anayasaga. Ukweli ni kwamba alikuwa akisoma vinasaba, ule urithi ulioandikwa ndani ya kila kiumbe, na kwa miaka mingi alikuwa amevisoma vya mmea mmoja tu: kichaka cha mwituni kilichojaa kwenye miteremko ya mlima ule mkubwa unaoonekana dirishani siku za mwanga. Marehemu ndiye aliyekuwa mchumaji wake. Marehemu alipanda mlima, Daktari akasoma. Katikati ya kupanda na kusoma wakapendana.

"Nieleze," Fundi alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtu wa friji."

"Wewe ndiye utaelewa kuliko wote. Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu zetu hajafikiriwa, dunia ilipoa. Barafu iliyoko kileleni ikateremka, ikauvaa mlima mpaka kiunoni. Vichaka vya huko juu vikafa vyote. Vilivyopona ni vile vilivyokuwa mahali palipojificha, penye vuguvugu na unyevu kidogo. Zikapita karne na karne. Barafu ilipopungua, mbegu chache zikapanda tena juu, na hizo chache ndizo zilizoujaza mlima. Ndiyo maana ukichuma upande huu na upande ule, vinasaba vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Nilikuwa nimechoka kusoma kitu kile kile."

"Na haya?"

"Haya ni ukoo mzima, Fundi. Mababu, mashangazi, binamu. Kuna urithi humu sijauona popote mlimani. Vichaka vile vilijificha mahali alipoyachuma. Barafu ilipita kando, haikuingia. Alipapata mahali tulipokuwa tunapatafuta wote wawili, na hakuja kuniambia."

Nje, mtu alipita akiburuta kiti. Wote wawili walisubiri kiti kile kifike mwisho wa korido.

"Kwa hiyo unataka nikupeleke," Fundi alisema.

"Majani ya vichaka vichache hayatoshi. Na hakuna mwingine anayepajua. Wale mliokwenda nao kumtafuta waliishia ukingoni mwa korongo. Wewe ndiye uliyeshuka."

"Nilishuka kwa sababu ni kaka yangu."

"Najua."

"Hujui. Wewe umeona majani. Mimi nilichokiona kule si majani." Alisimama. "Tangu niingie humu umemtaja yeye mara ngapi? Macho yako yanawaka. Ninakuja hapa miaka yote hii, sijawahi kuyaona yakiwaka hivyo."

"Hii ni kazi, Fundi."

"Kazi." Aliinama akaokota begi lake, halafu akalirudisha chini. "Nikuulize kitu. Na usinijibu kidaktari."

"Uliza."

"Nikikohoa pale nje, kabla sijaingia, unatazamia nani aingie?"

Daktari alifungua mdomo. Angeweza kusema uongo; uongo mdogo, wa huruma, ungetosha. Lakini alimheshimu mno mtu huyu hata asiweze kumpa kitu bandia, na alipokuwa akitafuta namna ya kuusema ukweli bila kuua, muda wa kujibu ukapita.

"Basi," Fundi alisema taratibu. "Nilikuwa najua. Nilidhani nitazoea."

"Subiri."

"Mpira wa mlango wa friji yako umelegea, ndiyo maana inatoa jasho. Nitaleta mwingine." Akatoka. Safari hii hakukohoa, akawa ameshika kikohozi kifuani kama mtu aliyeficha kitu cha wizi.

*

Mama wa ndugu wale wawili alimwita Daktari kesho yake. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule na asiyependa kuzungushwa. Daktari alimkuta amesimama mbele ya meza anapiga pasi shati la bluu. Lilikuwa shati la marehemu. Kila wiki aliyafua mashati yale, akayapiga pasi, akayarudisha kabatini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza yanachafuliwa na nani.

"Kaa, mkwe wangu. Huyu mdogo ana nini? Amekuja jana, nimemwekea chakula, amekitazama kama kinamdai."

"Tumekosana, mama."

"Watu hawakosani bila jambo. Mna jambo gani?"

Daktari alimwambia. Hakupamba. Alisema wanapendana, au walikuwa wakielekea huko, kwamba yeye ndiye aliyeharibu, kisha akatazama mikono yake akisubiri kufukuzwa.

Mama aligeuza shati, akaanza upande wa pili.

"Nilijua siku aliyokuwa amekaa hapo ulipokaa, akataka kukuita shemeji, akashindwa. Mwanamume akikosa neno la kumwita mwanamke, ujue amelipata jingine moyoni."

"Umekasirika, mama?"

"Nimeogopa." Pasi ilikwenda, ikarudi. "Unadhani nitakuambia unamsaliti marehemu. Marehemu hasalitiki, mwanangu, ameshatoka kwenye mchezo. Mimi nasema habari ya huyu aliye hai. Tangu mwenzake afe, watu wanamtazama huku wanalia. Mimi mwenyewe, mama yake mzazi, nikisikia kikohozi hapo uani nanyanyuka na jina la mwingine mdomoni. Halafu ninamwona amesimama pale mlangoni, ananisubiri nimalize kusikitika kwamba ni yeye."

Daktari aliinua macho kutoka kwenye mikono yake.

"Nilizaa wawili," mama aliendelea. "Mmoja mlima umemchukua. Ukiolewa na huyu ili umpate yule, nitakuwa nimefiwa na wote wawili, na wa pili sitamzika, nitakuwa ninamwona kila siku anapungua. Sikubali. Mpaka siku utakayokuja kuniambia unamtaka huyu, kama alivyo, na kukohoa kwake ni kwake, usiniletee hapa habari ya ndoa."

"Na nisipojua, mama? Nikitazama na nisijue ninamwona nani?"

"Basi mwache aende akapate mwanamke asiyemjua kaka yake."

Mlango wa uani ulifunguliwa. Fundi alikuwa amesimama hapo, mikono imejaa mafuta ya mashine, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuwa amefika sasa hivi.

"Mama," alisema, bila kumtazama Daktari. "Jumamosi ninampeleka mlimani. Kule kwenyewe."

"Wewe kichaa? Kufanya nini?"

"Akaone kile kaka alichokwenda kukiona. Mimi pia nimechoka kupaona usingizini. Twende, tumalize."

"Na nani atawaleta chini?"

"Mimi. Nilikwisha leta mtu chini kutoka kule."

Mama alikuwa ameisahau pasi juu ya kola ya lile shati la bluu, na harufu ya nguo inayoungua ikaanza kupanda taratibu, wote watatu wakiisikia, asiwepo wa kunyoosha mkono.

*

Waliondoka Jumamosi asubuhi kwa gari la kazi la Fundi, mitungi ya gesi ikigongana nyuma kila walipoingia shimo. Barabara ilipokwisha wakaanza kupanda kwa miguu. Fundi alikuwa amevaa koti zito la kazini, kamba begani. Hakusema neno zaidi ya "angalia jiwe" na "shika hapa".

Vichaka vilianza msitu ulipokwisha. Vilijaa mteremko mzima, vya rangi ya majivu, vifupi, vikinong'ona kila upepo ulipopita. Daktari alipitisha mkono juu ya majani. Vyote hivi alivijua kwa vinasaba vyake. Vyote ni kitu kimoja, wajukuu wa wahamiaji wachache waliopanda barafu ilipoondoka, na kila alipowahi kusimama katikati yao alijisikia kama amealikwa kwenye nyumba yenye watu wengi walio na sura moja. Leo sura ile ilimwogopesha.

Korongo lilijificha nyuma ya mgongo wa mwamba. Ungepita hatua chache tu kando usilione. Fundi alifunga kamba kwenye jiwe, akashuka kwanza, akamshusha Daktari, na alipomshika kiunoni kumtua chini mikono yake haikukaa hata nukta zaidi ya ilivyohitajika.

Chini kulikuwa na vuguvugu. Maji yalidondoka mahali pasipoonekana. Na vichaka! Vilikuwa virefu kumzidi mtu, mashina yamepindana kama mikono ya wazee, majani mengine mapana, mengine membamba, mengine yana wekundu pembeni. Hakuna viwili vilivyofanana. Daktari alisimama hapo. Huku nje barafu ikisaga miamba, hivi vilikuwa hapa, karne kwa karne, vikichanua bila wa kuviona.

"Ni pale," Fundi alisema. Hakunyoosha kidole, alitazama tu, chini ya kichaka kimoja kikubwa. "Alikuwa amekaa. Ameegemea shina. Mguu ulikuwa umevunjika, lakini mguu hauui mtu."

"Kilichomuua ni nini? Hawakuniambia."

"Niliwakataza wasikuambie. Ni baridi ya usiku; vuguvugu hili huondoka na jua. Alikufa kwa baridi, Daktari, kwa kungoja. Na kabla ya kufa alichuma majani. Alikaa pale, hawezi kusimama, akawa anachuma majani ya vichaka alivyovifikia kwa mkono." Sauti yake ilikatika. "Niliyakuta mfukoni, yamepangwa vizuri. Nikasema moyoni, huyu mwanamke amependwa hivi, mimi nitampa nini?"

Daktari alitaka kumwendea. Fundi aliinua mkono, akageukia ukuta wa mwamba.

"Fanya kazi yako. Nitakungoja hapa."

Akafanya kazi yake. Alikata, akatia kifukoni, akaandika, akasogea kwenye kichaka kingine, machozi yakimdondokea kwenye vidole. Alipofika kwenye lile shina alipiga magoti akagusa udongo. Ulikuwa udongo tu. Alikuwa amesubiri miaka mitatu kuupigia magoti, na sasa akili yake ilikuwa kwa yule mwingine, yule aliyesimama kule akiutazama mwamba, koti limempwaya mabegani kwa jinsi alivyokonda.

Ukungu uliingia bila kuaga. Ulimwagika kutoka ukingoni kama maziwa yaliyochemka, na Fundi akapiga kelele kwamba inatosha, waondoke. Walipanda kamba. Juu hapakuwa tena na mlima, palikuwa na weupe.

"Fuata mgongo wangu," Fundi alimwambia. "Usiuache. Hata ukichoka usiuache."

Aliufuata. Waliambaa na ukingo wa korongo, kisha njia ikakata kona. Uliyeyuka ukungu, ukajifunga, ukayeyuka tena, na kila ulipoyeyuka aliona lile bega mbele yake, ile shingo, kile kichwa kilichoinama kidogo. Alikuwa amechoka, mifuko ya majani ikimgonga kifuani. "Punguza mwendo," alisema. Aliyekuwa mbele hakujibu, lakini alipunguza. Hilo lilimpa joto moyoni. Amenisamehe kidogo, aliwaza. Akaharakisha amfikie, amshike mkono, amwambie lile alilolikuta pale chini ya shina: kwamba alipiga magoti kwa mmoja na kumlilia mwingine.

"Daktari! Uko wapi? Nijibu!"

Sauti ilitoka nyuma.

Ilikuwa mbali, chini, upande aliotoka, na ilikuwa na hofu ambayo hajawahi kuisikia kwa Fundi. Daktari alisimama. Mgongo ulio mbele yake nao ukasimama.

Ndipo alipoona kwamba aliye mbele yake hana koti. Alikuwa amevaa shati, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, kama mtu aliye kazini siku ya jua. Chini ya mguu wa Daktari jiwe dogo lilisogea, likadondoka, na kimya kikawa kirefu kabla halijafika linakokwenda. Hatua moja mbele hapakuwa na ardhi.

Alitamani yule aliye mbele ageuke. Aliomba asigeuke. Damu ilimwenda mbio masikioni, na katikati ya hofu ile ulimi wake ukapata maneno, ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliyemgusa bega mgeni sokoni kwa kumfananisha.

"Samahani," alisema. "Nilikuwa ninamfuata mwenzako."

Ukungu ukajifunga. Hakungoja ufunguke. Alikipa kile kitu kisogo, jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya, akaanza kurudi alikotoka, mkono mmoja kwenye mwamba.

"Niko hapa! Niite tena! Usinyamaze, niite!"

Fundi alimwita. Alimwita kwa sauti yake iliyokauka, akikohoa katikati, akiita tena, na Daktari akaifuata sauti hiyo mpaka akajigonga kwenye koti zito, harufu ya mafuta na gesi ikamjaa puani, na mikono ikamfunga kama kamba.

"Nilikuambia ufuate mgongo wangu!" Fundi alimfokea. "Nimeinama kuinasua kamba, nimeinua macho hupo! Ulikuwa unakwenda wapi? Huko ni ukingoni!"

"Niliufuata mgongo wako."

"Mgongo wangu upi? Nilikuwa nyuma yako!"

"Nilidhani ni wewe," Daktari alisema.

Fundi alimshika mabega, akamsogeza kidogo ili amwone usoni.

"Umemwona nani?"

"Nimemwona yeye. Bega lile, shingo ile. Nimetembea nyuma yake, nimezungumza naye, na nimemfuata mpaka pale kwa sababu nilidhani ni wewe." Meno yalikuwa yakimgongana, lakini alitaka kila neno lisikike. "Uliniuliza natazamia nani. Sikujua. Leo yeye mwenyewe amepita mbele yangu, na moyo wangu umesema: yule pale Fundi wangu."

Fundi aliweka paji lake la uso juu ya bega la Daktari, akalia, kilio cha mtu aliyekuwa akikiahirisha tangu siku aliyombeba kaka yake mgongoni. Naye Daktari alimshika kisogo, akawa anamwita taratibu, Fundi, Fundi, Fundi, mpaka ukungu ulipoanza kupungua na mteremko ukaonekana.

Kama yule alikuwa akimwonyesha njia au akimwita, hakujua, na hakutaka kujua. Waliteremka wameshikana mikono na hakuna aliyegeuka nyuma.

*

Majibu ya majani yalipotoka, mkuu wa maabara aliyasoma mara mbili akiwa amesimama. Korongo lile moja, alisema, limehifadhi urithi mwingi kuliko mlima wote uliobaki. Akauliza waandike nani amelivumbua. Daktari akamtaja marehemu, akashangaa kwamba jina lilitoka bila kumchoma.

Jioni hiyo walikwenda kwa mama wote wawili, wakaingia kwa mlango wa mbele. Fundi alianza, akakwama. Daktari akachukua, akasimulia yote, pamoja na ukungu, shati na jiwe lililodondoka. Hakujua kama ni busara kumwambia mama mambo kama yale, lakini alikuwa ameapa kutokuja mbele yake na uongo.

Mama alisikiliza bila kupepesa. Daktari alipofika kwenye "nilidhani ni wewe", mama alimgeukia mwanawe, akamtazama kwa muda, uso mzima, kipande kwa kipande, kama alivyokuwa akiwatazama watoto waliotoka tumboni sasa hivi kuhakikisha hawakupungukiwa na kitu.

Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hawakuijua:

"Alikuwa anatetemeka?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu mkubwa. Pale ulipomwona. Alionekana anasikia baridi?"

Fundi alifumba macho. Kumbe mama alikuwa anajua siku zote kwamba ni baridi iliyomuua.

"Hapana, mama," Daktari alisema. "Alikuwa amekunja mikono ya shati."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, machozi yakishuka, na hakuyafuta. Alikaa hivyo mpaka yakaisha yenyewe. Kisha akavuta pumzi, akajiweka sawa kitini, akamgeukia mwanawe kwa ile sauti ya ukunga isiyopenda kuzungushwa.

"Kwa wazazi wake utakwenda lini kumposa?"

"Mama, mimi nilifikiri..."

"Usifikiri. Na usiende peke yako, wewe ukiwa na wasiwasi unaongea habari za kompresa za friji." Alisimama, akaanza kutafuta miwani yake. "Nitakwenda na wewe. Nataka niwaambie mwenyewe huyu ni mwanangu yupi."